Kuonja bia ukiwa Unguja: maneno ya mhudumu wa kaunta kwa anayeanza

Nasimama nyuma ya kaunta huku Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, na wanaoanza kunywa hunijia na swali lilelile: "Dada, hivi hii mnaipendea nini?" Mtu kanunua chupa, kapiga funda moja, kakunja uso, kisha anawatazama waliomzidi umri wanaoburudika nayo kana kwamba kuna kitu wanamficha. Hawamfichi kitu. Wamemwacha tu aanze vibaya: bia imeganda, anainywa kwa mdomo wa chupa, mafunda makubwa, tumbo tupu, juani. Kwa mtindo huo hata mimi nisingeielewa.

Ninayemwandikia ni aliyetimiza miaka 18, ambaye dini yake na afya yake havimkatazi, na ambaye ameamua mwenyewe. Kisiwa hiki ni cha Waislamu. Wengi ninaofanya nao kazi hawanywi, na sioni walichopungukiwa. Kama hunywi, usianze kwa sababu yangu. Mjamzito, mtu aliye kwenye dozi ya Flagyl, na anayetegemea kurudi kwao akiendesha pikipiki, hao nawapa Grand Malt, kinywaji cha kimea kisicho na kilevi, bila mjadala. Nayo ina somo lake, nitalifikia.

Mahali na saa

Unguja si Kibosho, nyumbani kwetu mkoani Kilimanjaro. Kwetu pombe hunywewa chini ya mgomba, mtoto anapita, anasalimia, anaendelea na safari yake. Hapa bia ina mahali pake: baa zenye kibali, hoteli, mikahawa ya wageni. Mjini wengi hupenda kupanda Africa House, jengo lililokuwa klabu ya Waingereza, wakatazame jua linavyozama. Forodhani utapata pweza, urojo na maji ya miwa. Bia haipo, na usiende nayo kwenye begi. Usitembee na chupa iliyofunguliwa kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe wala kwenye njia ya kijiji inayopita mbele ya nyumba za watu. Hilo halihitaji bango, ni adabu. Ramadhani, baa nyingi hufunga au hupunguza saa, na zinazobaki huhudumia ndani kwa ndani. Huo si mwezi wa kuanzia masomo haya. Subiri Idi ipite.

Saa nzuri ni jioni, umeshakula. Mchana wa kaskazi mtu ana kiu, na mwenye kiu haonji, anajaza tu. Kunywa maji kwanza mpaka kiu iishe, ndipo uagize.

"Ya moto au ya baridi?"

Bara, mhudumu akikuletea bia hukuuliza hivyo. Ya moto maana yake haijaingia kwenye friji. Wageni kutoka Ulaya wakisikia hushtuka, wanadhani tunaichemsha. Kwetu wapo wazee wasiogusa ya baridi, wanasema inaumiza kifua. Sababu yao siikubali, lakini wanaihisi bia yao kuliko kijana anayedai chupa yenye barafu shingoni. Ubaridi mkali huutia ulimi ganzi na huzuia harufu isipande puani, na sehemu kubwa ya tunachokiita ladha huingilia puani. Jaribu kuziba pua, unywe, halafu uiachie. Utaelewa nasema nini.

Bia nyepesi za rangi ya dhahabu, yaani lager, zinafaa zikiwa kwenye nyuzi 4 mpaka 8 hivi. Stauti, ile nyeusi, iache ipande mpaka 10 au hata 13. Friji za baa nyingi za pwani zimewekwa chini ya hapo, kwa sababu mteja wa juani anataka baridi tu. Basi fanya hivi: chupa ikitoka, onja funda moja, iache mezani kivulini dakika kumi, onja tena. Kwa joto la huku dakika kumi zinatosha. Wakati wa kusi, Juni na Julai, upepo unavuma, ongeza kidogo. Funda la pili litakuwa na harufu ambayo la kwanza halikuwa nayo. Hilo ndilo somo lenyewe la siku ya kwanza, na ukitaka kuishia hapo, ishia.

Glasi

Omba glasi. Usione haya, hata kama mezani wote wanapiga chupa. Kutoka kwenye chupa harufu haina pa kutokea, na pua yako iko mbali na mdomo wa chupa.

Glasi yenyewe iwe safi kwelikweli: imeoshwa, imesuuzwa kwa maji mengi, imejikaukia yenyewe. Ukimimina ukaona viputo vimeng'ang'ania pembeni havitoki, glasi ina mafuta au sabuni, irudishe. Mimi nikiona mwenzangu anafuta glasi kwa kitambaa kilichofutia meza, tunagombana. Mimina ukiwa umeinamisha glasi, bia iteremke ubavuni, na ikifika nusu isimamishe wima ili povu liinuke. Povu la vidole viwili linatosha. Wapo wanaolichukia, wanasema wameibiwa bia. Povu ndilo linaloshika harufu na kukuletea puani, na linatoa hewa ambayo vinginevyo itakuja kukujaza tumboni. Ila linakufa likiguswa na mafuta, kwa hiyo kama umetoka kula chipsi au mishkaki, futa midomo kwanza. Rangi ya mdomo inaliua vilevile, dada zangu.

Sasa nusa kabla ya kunywa, pua ndani ya glasi, pumzi fupi mbili tatu. Piga funda dogo, lizungushe mdomoni, limeze. Waonja mvinyo hutema. Bia tunameza, kwa sababu uchungu wake unakaa nyuma na unachelewa kuja. Ukishameza, toa pumzi kwa puani, mdomo umefumba. Hapo ndipo utasikia mkate, au nyasi, au asali, au hutasikia kitu. Kutosikia kitu siku za mwanzo ni kawaida.

Uchungu

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Binadamu huzaliwa akiukataa uchungu. Sumu nyingi za mimea ni chungu, na mwili unajilinda. Mtoto akilambishwa shubiri hulia bila kufundishwa. Kuuzoea uchungu ni jambo la kujifunza, na Unguja mnalijua vizuri kuliko watu wengi: angalia wanaokaa kwenye kahawa pale Jaws Corner, kikombe kidogo, kahawa chungu haina hata chembe ya sukari, na kipande cha kashata pembeni. Nani aliipenda kahawa ile akiwa na miaka saba? Aliizoea kwa vikombe vidogo, na kitu cha kuipokelea.

Bia uiendee hivyohivyo. Kidogo kidogo, na chenye chumvi pembeni. Chumvi hupunguza makali ya uchungu mdomoni, kwa hiyo bakuli la karanga zenye chumvi lina kazi. Pweza wa kuchoma aliyekamuliwa ndimu anafaa sana. Vitu vitamu, kama haluwa, vinaifanya bia nyepesi ionekane chungu zaidi na nyembamba. Haluwa iache ikutane na stauti siku nyingine, hapo wanapatana.

Uchungu wenyewe unatoka kwenye hopsi, maua ya mmea unaotambaa, yanayochemshwa pamoja na maji ya kimea. Yanazuia utamu usichoshe, na yanasaidia bia isiharibike upesi. Mama yangu hajawahi kuona ua la hopsi maisha yake, lakini kazi yake anaifahamu: kwenye mbege, ambayo ni ndizi mbivu na kimea cha ulezi, huweka magome ya msesewa. Bila msesewa mbege inakuwa uji mtamu wenye kilevi, unakinai kwenye kata ya kwanza. Kibosho hawawezi kupeana mbege isiyo na uchungu, na Ujerumani hawawezi kupeana bia isiyo na uchungu. Watu hawa hawakuwahi kukaa kikao.

Kuna wanaoanza kwa kuchanganya bia na soda ya limau nusu kwa nusu. Si dhambi, hata Wajerumani wanafanya na wana jina lake. Lakini kama nia ni kuijua bia, utakachojifunza hapo ni soda.

Chupa tatu, watu watatu

Usijifunze kwa kunywa bia moja usiku kucha. Ulimi unajua kwa kulinganisha. Tafuta wenzako wawili, nunueni chupa tatu tofauti, ombeni glasi ndogo, kila mmoja apate theluthi. Hapo mtu amekunywa kiasi cha chupa moja tu na ameonja bia tatu. Mimi nikiombwa hivyo nafurahi, hata kama mauzo ni madogo.

Anzeni na nyepesi, malizeni na nyeusi, maji katikati. Mpango ninaopenda kuwapa wageni wa bia ni Kilimanjaro, kisha Safari, kisha stauti, kwa kawaida Guinness. Kilimanjaro ni asilimia 4.5, Safari 5.5. Asilimia moja tu, lakini mdomoni inaonekana: Kilimanjaro inapita haraka na kukauka, Safari inakaa, ina uzito, na mimi naipata na utamu fulani wa ganda la mkate. Hilo ni langu, wewe andika lako kwenye simu kabla hujasikia la mwenzako. Mwenzetu mmoja wa Dodoma aliandika "uji wa uwele", akachekwa, nami nikaonja tena nikakuta yuko sahihi.

Ukitaka kuijua ladha ya kimea peke yake, ndipo Grand Malt inapoingia. Haina kilevi, ina kimea na sukari ya kutosha. Onja funda lake, kariri ule utamu mzito wa nafaka iliyokaangwa, halafu rudi kwenye Safari uutafute. Utaukuta umejificha chini. Kimea ni shayiri iliyolowekwa, ikaachwa ichipue, kisha ikakaushwa kwa joto. Ikikaushwa polepole inabaki nyeupe na bia inakuwa ya dhahabu. Ikipewa moto zaidi inatoa karameli. Weusi wa stauti unatoka kwenye shayiri iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi kama buni, na ndiyo maana stauti inanukia kahawa. Wengi wanadhani weusi ni ukali. Siyo. Ukali unausoma kwenye lebo, hauuoni kwa macho.

Karibu chupa zote za dhahabu kwenye friji yangu, za Dar na za ng'ambo, ni kizazi cha bia moja iliyopikwa mwaka 1842 mjini Plzeň, katika Jamhuri ya Cheki ya leo, na fundi kutoka Bavaria aliyeitwa Josef Groll. Kabla yake bia nyingi zilikuwa za kahawia na zenye ukungu. Hamira ndiyo inayogeuza sukari ya kimea kuwa kilevi. Ya lager hufanya kazi kwenye baridi, polepole, na haiachi harufu nyingi. Ndiyo sababu lager ni safi na kwa anayeanza inaonekana haina habari. Hamira ya upande wa pili, ya bia ziitwazo ale, ni jamii ileile ya hamira ya mkate. Inapenda joto, na ikifanya kazi inatoa harufu za matunda na viungo. Hapo kwa mtu wa Zanzibar pananoga.

Karafuu ambayo haikutoka Pemba

Siku ukikutana na bia ya ngano ya Kijerumani, ile ya rangi ya chungwa yenye ukungu, wenyewe huiita Weissbier, usiipite. Baadhi ya hoteli huileta. Kabla ya kuifungua nenda jikoni ukaombe karafuu kavu mbili, ziponde kidogo kwa vidole, nusa. Halafu mimina bia, nusa.

Karafuu imo. Na hakuna karafuu iliyowekwa. Ni hamira yenyewe iliyotengeneza harufu ile, pamoja na nyingine ya ndizi mbivu. Nimemwekea glasi mpishi wetu, mtu wa Wete, kwao wana mikarafuu. Hanywi, alinusa tu kwa mbali, akaniuliza ni nani kaniuzia karafuu mbichi. Sijui pombe nyingine yenye Pemba na Kibosho ndani ya glasi moja, karafuu huku na ndizi kule. Chini ya chupa kuna masimbi ya hamira: bakiza kidogo, itikise, umalizie juu ya glasi.

Wabelgiji wana yao ya ngano, Hoegaarden ndiyo maarufu, ambayo wao huweka viungo kwelikweli: mbegu za giligilani na maganda ya machungwa. Ukitaka kuizoesha pua, pita Darajani ununue viungo vya bei ndogo, giligilani, mdalasini, kungumanga, uvinuse kimoja kimoja ukiwa umefumba macho. Wanaoonja bia kwa mshahara hufanya mazoezi ya namna hiyo, wao wakiwa na vichupa vya maabara. Nyinyi mna soko.

Bia iliyoharibika

Anayeanza akikuta bia mbaya hudhani ndivyo bia ilivyo. Kwa hiyo jifunze mapema makosa mawili ya kisiwani.

La kwanza ni jua. Mwanga ukiipiga bia, sehemu ya uchungu wa hopsi inageuka kuwa harufu ya kicheche, na haichukui muda: glasi juani dakika chache tu inatosha. Chupa ya kahawia inakinga vizuri, ya kijani kidogo, nyeupe haikingi kabisa. Kopo ndilo salama kuliko zote, ingawa watu hulidharau. Fanya jaribio: mimina bia moja kwenye glasi mbili, moja weka juani, nyingine kivulini, rudi baada ya robo saa, nusa zote mbili. Ukishaijua harufu hiyo hutaisahau, na utajua kwa nini ninawasumbua wateja wangu wahamishe meza.

La pili ni joto na umri. Kreti zetu zinavuka bahari kutoka Dar, zinasubiri bandarini, zinasubiri stoo. Bia iliyopigwa joto muda mrefu inapoteza harufu ya hopsi na kupata ladha ya boksi lililolowa. Haidhuru, ila haifundishi kitu. Angalia tarehe kwenye chupa kabla haijafunguliwa, na ukikuta ina vumbi mabegani, agiza nyingine. Bia nyingi haziboreki kwa kukaa.

Hesabu ya kilevi

Hii ni fupi. Chupa ya mililita 500 yenye asilimia 5.5 ina mililita 27.5 za kilevi safi. Kopo la mililita 330 lenye asilimia 4, kama Castle Lite, lina 13.2. Kwa hiyo chupa moja ya Safari ni makopo mawili ya ile nyingine na zaidi kidogo. Anayehesabu "mbili tu, kama wewe" na mwenzake wanaweza kuwa hawajanywa sawa hata chembe. Soma lebo, zidisha. Kwa kila bia, glasi ya maji. Ukiona ladha za glasi ya tatu zote zimefanana, ulimi umechoka na somo limekwisha, hata kama muziki bado.

Ukija kaunta, ya kwangu au ya mwingine, usiulize "ipi kali?" wala "ipi wazungu wanakunywa?" Uliza ipi imeingia karibuni, ipi ilikaa kwenye friji tangu jana, na kama kuna glasi safi. Mhudumu anayejua kazi atakujibu bila kufikiri. Akikwambia zote ni sawa, agiza kopo.